Huckleberry Finn ya 1885: utajuaje kama nakala yako ni ya chapa ya kwanza?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Minneapolis, Marekani. Kwenye mauzo ya vitu vya marehemu nilinunua boksi la vitabu, na ndani yake kulikuwa na Adventures of Huckleberry Finn cha Mark Twain, jalada la kitambaa cha kijani, New York, Charles L. Webster and Company, 1885. Nyuma ya ukurasa wa jina pameandikwa 1884. Muuza vitabu mmoja ameniambia ni cha kwanza kabisa kwa sababu ya mwaka. Mwingine amekataa, anasema picha ya sanamu ya mwandishi ni ya baadaye. Nimwamini nani? Halafu jalada limeanza kuachia na ninafikiria kulibandika kwa gundi. Nataka pia kukipeleka nyumbani Mombasa.

JIBU: Marahaba. Kila mmoja wao ameegemea alama moja, na kitabu hiki hakihukumiwi kwa alama moja. Sababu ni jinsi kampuni ya Webster ilivyokitengeneza na kukiuza, kwa hiyo nianze huko kabla hujashika lenzi.

Twain alikuwa amechapishwa kwa miaka mingi na American Publishing Company ya Hartford, Connecticut. Hao ndio waliotoa The Innocents Abroad mwaka 1869, ambacho yeye alilipwa asilimia 5 ya bei, kisha Roughing It mwaka 1872 na Tom Sawyer mwaka 1876. Mkuu wa kampuni hiyo, Elisha Bliss, alipofariki mwaka 1880, Twain alishaamini kwamba alikuwa akipunjwa. Akahamia kwa James R. Osgood wa Boston, mchapishaji mzuri ambaye hakuwa na uzoefu wa biashara ya nyumba kwa nyumba. Mwaka 1884 akaamua kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Jina likawa la Charles L. Webster, mume wa mpwa wake Annie Moffett. Mtaji na maamuzi makubwa yakawa ya Twain. Huckleberry Finn ndicho kilichofungua biashara hiyo.

Kitabu hakikupangwa kuuzwa dukani. Mawakala walizunguka mijini na mashambani wakiwa na kitabu cha sampuli: kurasa chache zilizochaguliwa pamoja na picha, vipande vya aina za majalada, na mwishoni karatasi zenye mistari ambapo mnunuzi aliandika jina lake. Alichagua jalada hapohapo, akalipa kitabu kilipomfikia. Kitambaa kilikuwa dola 2.75, ngozi ya kondoo dola 3.25, na nusu ngozi ya moroko dola 4.25. Twain alimwagiza Webster asitoe kitabu mpaka oda zifike 40,000. Mfumo huu ulilindwa kwa wivu: Estes & Lauriat, wauza vitabu wa Boston, walipokitangaza kwenye orodha yao kwa dola 2.25 kabla hakijatoka, Twain aliwashtaki. Alishindwa kesi.

Hapo ndipo mambo ya nakala yako yanapoanzia. Sampuli zilitoka miezi kadhaa kabla ya kitabu. Kiwanda cha J. J. Little & Co. cha New York kilichapa nakala 30,000 za mwanzo huku oda zikiendelea kukusanywa, na karatasi zilizochapwa zikawekwa kwa marundo zikisubiri kushonwa. Makosa yaligunduliwa kazi ikiendelea, mabamba ya kuchapia yakasahihishwa, lakini marundo ya zamani hayakutupwa. Mshonaji alichukua kilichokuwa juu ya rundo. Ndiyo maana nakala moja halali kabisa inaweza kuwa na ukurasa wenye kosa la awali na mwingine uliokwisha kusahihishwa, na kupanga nakala hizi kwenye mstari mmoja kutoka ya kwanza hadi ya mwisho hakuwezekani.

Sasa miaka. 1885 kwenye ukurasa wa jina na hakimiliki ya 1884 nyuma yake ni hali ya kawaida ya toleo la Marekani, lililotoka tarehe 18 Februari 1885. London ilitangulia: Chatto & Windus walikitoa Desemba 1884, kwa jalada jekundu, kwa sababu sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimlinda mwandishi wa kigeni pale tu kitabu chake kilipotoka kwanza ndani ya himaya. Mwaka ulioona unathibitisha kwamba kitabu chako ni cha Webster na ni cha toleo la kwanza la Marekani, maana yake kimetoka kwenye mpangilio uleule wa herufi. Hauthibitishi kwamba ni cha chapa ya kwanza, yaani mzunguko wa kwanza mashineni, kwa sababu chapa zilizofuata zilibaki na 1885 ileile. Muuzaji wa kwanza amechanganya toleo na chapa.

Andaa meza safi, taulo mbili zilizoviringishwa, lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo na penseli laini ya kuandikia kwenye daftari lako, kamwe si kitabuni. Nawa mikono ukaushe vizuri. Usivae glovu za pamba. Zinakwama kwenye kingo za karatasi na kuzichana. Weka taulo moja chini ya kila upande wa jalada ili kitabu kifunguke kama nyuzi 90 tu. Jalada lililoanza kuachia likilazimishwa kulala bapa, hukatika hapohapo.

Anza na umbo la kitabu. Kimeshonwa kwa mikunjo ya karatasi nane nane, na kila karatasi ina kurasa mbili, kwa hiyo kila mkunjo ni kurasa 16. Hadithi inaanza ukurasa wa 17, yaani mwanzo wa mkunjo wa pili, na inaishia ukurasa wa 366. Baada yake iwepo karatasi moja tupu, inayokamilisha 368, mikunjo 23. Watu wengi hawaihesabu karatasi hiyo tupu, na mara nyingi ndiyo iliyokatwa. Kama haipo, iandike kama upungufu.

Ukilinganisha na toleo la siku hizi, utaona pengine sura ya 16 ya kwako ni fupi. Usidhani kurasa zimechanwa. Kipande kirefu cha wanaume wa kwenye chelezo cha magogo kilikuwa kimekwisha kutumika katika Life on the Mississippi mwaka 1883, na Webster akapendekeza kiondolewe hapa, Twain akakubali. Baadhi ya matoleo mapya yamekirudisha.

Alama tatu ndizo zenye uzito mkubwa wa kutenganisha chapa ya mapema na zile za baadaye. Katika yaliyomo, ukurasa wa 9, tafuta neno "Decided". Chapa za baadaye zina "Decides". Katika orodha ya picha, ukurasa wa 13, picha yenye jina "Him and another Man" imeelekezwa ukurasa wa 88, wakati iko wa 87; baadaye namba ilirekebishwa. Na katika ukurasa wa 57, mahali Huck anapojiandaa kutoroka kibanda cha baba yake na kupasua mfuko kwa msumeno, mpangaji wa herufi aliandika "with the was" badala ya "with the saw". Soma kila mstari wa ukurasa huo polepole. Jicho linalokijua Kiingereza husahihisha neno lenyewe bila kukuambia, na wapo waliotangaza "saw" kwenye nakala yenye "was".

Ukizikuta zote tatu zikiwa na kosa la awali, umeshika mikunjo ya chapa ya kwanza. Zote tatu zikiwa zimesahihishwa, una toleo la kwanza la chapa ya baadaye. Ni kitabu cha heshima, ila si kile wakusanyaji wanachokigombania. Mchanganyiko ukitokea, kumbuka kwamba kurasa za 9 na 13 ziko mkunjo mmoja, wa kwanza, na wa 57 uko mkunjo wa nne. Kwa hiyo tofauti kati ya mkunjo wa kwanza na wa nne inaweza kuwa kazi ya mshonaji. Kurasa za 9 na 13 zikipingana zenyewe kwa zenyewe, simama uchunguze kama kuna karatasi iliyopachikwa.

Ukurasa wa 155 una alama inayopendwa mno kwenye matangazo ya kuuza: tarakimu ya mwisho ya namba ya ukurasa. Kuna nakala ambazo 5 hiyo imetoweka, na nyingine imewekwa 5 kubwa kidogo kuliko mwenzake. Ukurasa wa 143 nao una herufi zilizovunjika. Haya ni majeraha ya bamba mashineni. Yaandike, lakini usinunue wala usikatae kitabu kwa ajili yake.

Ukurasa wa 283 unahitaji muda wako mwingi zaidi. Hapo kuna mchoro wa E. W. Kemble, kijana aliyechora picha zote 174: Mjomba Silas Phelps amesimama, na mkewe Sally anamuuliza anadhani yule mvulana ni nani. Kabla ya kitabu kutoka, mtu ambaye hakupatikana hadi leo aliichezea bamba ya mchoro huo akaufanya uwe wa aibu, kwa kuongeza kitu kwenye suruali ya mzee. Sampuli zilikuwa zimekwisha kuwafikia mawakala. Novemba 1884 magazeti yakalipata, Webster akatangaza zawadi ya dola 500 kwa atakayemtaja mhusika, mawakala wakaamriwa kuurudisha ukurasa huo, na bamba mpya ikatengenezwa. Kwa kampuni changa iliyotegemea wakala kupokewa sebuleni kwa watu, picha hiyo ingeweza kuizika kabla haijauza kitabu chake cha kwanza.

Karatasi zilizokwisha kuchapwa zilikatwa. Katika nakala nyingi za mapema, karatasi ya 283 na 284 ilikatwa karibu na mshono, kikaachwa kishina chembamba, na karatasi mpya ikabandikwa juu yake. Mkunjo huo ulipochapwa upya, karatasi hiyo ikawa sehemu ya mkunjo bila kishina. Kuchunguza ni hivi. Mkunjo huo unaanzia ukurasa wa 273 hadi 288. Uzi wa katikati utauona kati ya 280 na 281. Karatasi ya 283 ni ya sita, kwa hiyo mwenzake iliyounganika naye ni ya tatu, yaani kurasa za 277 na 278. Elekeza tochi kutoka pembeni kwenye bonde kati ya 282 na 283. Ukiona ukingo wa karatasi uliokatwa na mstari wa gundi, ni karatasi iliyobandikwa. Usipouona, fuata karatasi hiyo kuelekea kwenye uzi uone kama inaendelea upande wa pili hadi 277. Kisha tazama mchoro kwa lenzi: uliosahihishwa hauna uvimbe, sehemu ya mbele ya suruali ni mstari ulionyooka tu.

Karatasi iliyobandikwa hapo si kasoro. Ni ushahidi kwamba mkunjo huo ulichapwa kabla ya kashfa kugunduliwa. Wapo mafundi wasiojua historia hii ambao "hutengeneza" mahali hapo kwa gundi mpya na kufuta ushahidi, na hasara hiyo hairudi. Ukurasa wa jina nao katika nakala nyingi umebandikwa. Nakala zenye ukurasa wa jina uliobandikwa na zenye uliounganika zote ni halali.

Sasa picha iliyomfanya muuzaji wa pili akatae. Mbele ya kitabu pana picha mbili: Huck na bunduki yake, aliyochora Kemble, na picha ya sanamu ya kichwa cha Twain iliyotengenezwa na Karl Gerhardt, mchongaji kijana ambaye Twain alimlipia masomo Paris. Hii ya pili ilichapwa kando na makampuni ya picha, ikaletwa kwa mshonaji kwa mafungu, ikapachikwa. Nyingine zina jina la Heliotype Printing Co. na kitambaa kinaonekana chini ya sanamu. Nyingine zina jina la kampuni hiyohiyo bila kitambaa. Nyingine zina jina la Photo-Gravure Co. Mshonaji alipachika iliyokuwa mkononi. Picha inayodhaniwa kuwa ya baadaye ikiwa imekaa kwenye mikunjo yenye "was", "88" na "Decided" haiifanyi mikunjo hiyo kuwa ya baadaye. Andika unachokiona bila kutoa hukumu.

Jalada la kijani lenye mchoro wa nyeusi na dhahabu ndilo la kawaida. Wachache waliomba la bluu, kwa sababu Tom Sawyer cha 1876 kilikuwa cha bluu na walitaka vifanane rafuni. Hilo ni adimu na linatafutwa zaidi. Za ngozi ya kondoo zilichapwa kwa wingi wa kutosha lakini ngozi hiyo huoza na kuwa unga mwekundu, basi zilizosalia na jalada zima ni chache. Usiipake ngozi ya namna hiyo mafuta ya aina yoyote.

Kwa kuwa kitabu hiki kina thamani, kuna nakala zilizoungwa kutoka vitabu viwili vitatu. Pima urefu wa karatasi kwa rula katika mikunjo mitano tofauti. Ile iliyotoka kitabu kingine mara nyingi hupishana milimita moja au mbili na kingo zake zina rangi tofauti. Washa taa ya mwanga wa urujuani gizani: karatasi za ndani ya jalada zikiwaka bluu nyeupe, zina kemikali za kung'arisha ambazo hazikuwepo karne ya 19, maana yake zimebadilishwa. Dhahabu iliyopakwa upya hukaa juu ya kitambaa, ilhali ya asili imekandamizwa ndani. Mwanga wa pembeni hufichua. Zipo pia nakala za kisasa zilizotengenezwa kuiga jalada la kijani na kurasa zote, pamoja na makosa yake. Hizo hujulikana kwa karatasi nyeupe laini isiyo na alama ya herufi kugandamiza upande wa pili, na kwa lenzi picha zake mara nyingi huonekana zimejengwa kwa vitone.

Kuhusu gundi: usibandike. Kitabu ni kizito na jalada lake la kitambaa linashikiliwa na ukanda mwembamba wa kitambaa cha ndani pamoja na karatasi za mwanzo na mwisho. Ukanda ule ukichoka, bonde la jalada, pale linapokunjika, hupasuka. Gundi nyeupe ya dukani hukauka ngumu, haiyeyuki tena kwa maji, na kitabu kikifunguliwa mpasuko huhamia karatasi inayofuata, ambayo kwako ni picha ya sanamu au ukurasa wa jina. Selotepu ni mbaya zaidi, kwa kuwa huacha doa la kahawia lisilotoka. Fungia kitabu kwa utepe wa pamba, usitumie mpira, kisha mpelekee fundi wa kuhifadhi vitabu anayetumia uji wa wanga wa ngano na karatasi nyembamba ya Kijapani. Mwambie kabla hajaanza kwamba kishina cha 283 na ukurasa wa jina visiguswe, na kwamba uti wa asili, yaani mgongo wa kitabu, ubaki. Kitabu kilichojaladiwa upya, hata kwa ngozi nzuri, hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Mombasa inawezekana, ila si kwenye rafu ya sebule. Kitambaa cha majalada ya wakati huo kilijazwa wanga, na wanga huo ni chakula cha mende na wadudu wa karatasi. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 kwa muda, ukungu huota kwenye uti na kwenye bonde la jalada. Kinahitaji boksi la karatasi ngumu isiyo na asidi, chumba chenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na kipimo cha unyevu ndani ya kabati. Kiyoyozi cha kuwashwa usiku na kuzimwa mchana ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Usikifunge kwenye nailoni. Kama chumba cha namna hiyo hakipo bado, kiache Minneapolis mpaka kiwepo, mbali na bomba la joto la wakati wa baridi.

Kuna Huckleberry Finn nyingine zenye jina la Webster ambazo huenda ukazikuta, za 1891 na 1892, baada ya kampuni kuanza kutoa vitabu vya bei nafuu. Kufikia hapo ilikuwa imekwisha kupata utajiri kwa kumbukumbu za Rais Ulysses S. Grant, zilizompa mjane wake hundi moja ya dola 200,000 mwaka 1886, na ikaanza kuzama kwenye madeni. Ilifilisika Aprili 1894, na mwaka 1896 Harper & Brothers wakatoa toleo lao. Zote hizo ni za kusoma, si za kubishania chapa.

Ukitaka maoni ya tatu, tuma picha za ukurasa wa jina mbele na nyuma, kurasa za 9, 13, 57, 143, 155 na 283, bonde la 282 na 283 kwa mwanga wa pembeni, picha ya sanamu ikionyesha jina la kampuni chini yake, na jalada pande zote. Anayekupa bei bila kuomba kuona hata ukurasa mmoja kati ya hizo, usimuuzie.